Jina la ukoo na vinasaba: vinapokutana na vinapoachana

Mtaalamu anaposema jina la ukoo linaweza kufichua asili ya mtu, anachozungumzia hasa ni kromosomu Y, kifurushi kimoja cha vinasaba. Hii wanayo wanaume tu. Mtoto wa kiume huirithi kwa baba yake, baba aliirithi kwa babu, na hivyo hivyo kurudi nyuma, ikibadilika kidogo sana njiani. Katika nchi ambako jina la ukoo nalo hutoka kwa baba kwenda kwa watoto, jina na kromosomu hiyo hufuata njia moja. Kwa hiyo wanaume wawili wasiofahamiana, wenye jina moja lisilo la kawaida, huenda kweli wametokana na babu mmoja.

Uingereza ndiko jambo hili limepimwa sana. Mwaka 2000 Bryan Sykes, mtaalamu wa vinasaba wa Oxford, alichapisha matokeo ya wanaume 48 wenye jina kama lake, Sykes. Karibu nusu yao walikuwa na kromosomu Y ya aina moja. Baadaye Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichunguza majina 40, wakaona kwamba jina likiwa adimu, wenye nalo hukaribiana zaidi kwa damu. Akina Attenborough ni wachache, na wengi wao wana asili moja. Akina Smith, yaani wahunzi, jina lao halikuonyesha udugu wowote, maana kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake.

Hata jina adimu hukatika njiani: mtoto wa kulea, mtoto aliyepewa jina la upande wa mama, mtu aliyebadili jina ili arithi mali. Mifupa ya mfalme Richard III, iliyofukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester mwaka 2012, ililingana na jamaa zake walio hai kwa vinasaba vinavyopita kwa mama. Kromosomu Y haikulingana na ya wanaume walioandikwa kuwa jamaa zake kwa upande wa baba. Katika kizazi kimojawapo, baba wa kwenye maandishi hakuwa baba wa damu.

Ukija Mwanza na kanuni hiyo, unakwama kwenye kitambulisho. Jina la tatu la Mtanzania mara nyingi si la ukoo, ni la babu. Tuseme mtu anaitwa Mabula Masanja Shija. Akipata mtoto akamwita Doto, mtoto ataandikwa Doto Mabula Masanja, na Shija ameshaondoka. Jina la Mabula mwenyewe litafika kwa wajukuu. Vitukuu hawatakuwa nalo. Siku hizi zipo familia zilizoamua kulishikilia jina la babu mmoja lisitoke tena. Hao mtafiti wa miaka mia tatu ijayo atakuwa na pa kuanzia.

Isitoshe, majina mengi ya Kisukuma hueleza mtoto alizaliwaje, si alizaliwa katika ukoo gani. Mabula alikuja na mvua, Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni anayewafuata mapacha. Waluo wa Mara na Kisumu nao wana Okoth wa mvua na Otieno wa usiku. Mabula wawili wakikutana Mwaloni Kirumba wataitana wajina na kutaniana, lakini mvua zao huenda hazikuwa hata za mwaka mmoja.

Kwa watu wa ziwani, kinachokaribiana na jina la ukoo la Ulaya ni ukoo wenyewe na mwiko wake. Wahaya wa Kagera na Waganda wa ng'ambo huurithi ukoo kwa baba. Muganda wa ukoo wa Mmamba, kwa mfano, hali kamongo, samaki ambaye kwa Kiganda ndiye mmamba. Hili haliandikwi kwenye kitambulisho chochote, ila hupita kizazi hadi kizazi kwa uaminifu kuliko majina matatu ya serikali.

Napo pana mambo. Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, kwa desturi huhesabiwa ukoo wa mama yake, kwa hiyo ukoo wake na kromosomu Y yake vimeachanishwa kwa makusudi. Kwa mila ya Wasukuma, ng'ombe ndio walioamua mtoto ni wa nani. Mahari ikitolewa, mtoto ni wa upande wa baba. Isipotolewa, ni wa kwao mama, hata kama kijiji kizima kinamjua aliyemzaa. Mimi sioni udanganyifu hapo. Mila ilikuwa inajibu nani atamlea na kumrithisha, na hilo maabara haiwezi kulijibu.

Tena kromosomu Y husimulia habari ya mtu mmoja tu katika kila kizazi. Ukirudi nyuma vizazi kumi, nafasi za mababu na mabibi zako ni 1,024. Bibi mzaa mama wa Kikerewe haonekani kabisa kwa njia hii. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya kale ya Waswahili wa mwambao wa Kenya na Tanzania: kwa upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi, kwa upande wa mama karibu wote walikuwa Waafrika. Aliyejiita Mshirazi, yaani mtu wa asili ya Shiraz huko Uajemi, hakudanganya kuhusu babu. Bibi ndiye hakutajwa.

Kipimo cha kujua baba wa mtoto, kile cha Mkemia Mkuu wa Serikali, ni jambo tofauti. Pale vinasaba vya mtoto hulinganishwa moja kwa moja na vya mwanamume aliyetajwa, na wote wawili wangeweza kubadili majina yao asubuhi ile bila majibu kubadilika.