Tunda la Roho ni moja, sio tisa ya kuchagua

Jamani hii kitu naisikia sana huku Dodoma, mtu anamfokea konda wa daladala pale Sabasaba mpaka abiria wote wanageuka, ukimuuliza anakwambia "mimi Mungu kanipa furaha na uaminifu, uvumilivu sikujaliwa". Eti sikujaliwa! Hapo kachanganya tunda la Roho na karama, yaani vipawa vya Roho. Karama za 1 Wakorintho 12 ndo zinagawanywa, huyu uponyaji yule unabii, lakini Wagalatia 5:22-23 Paulo kaandika "tunda la Roho", umoja, hata Kigiriki chake ni karpos sio wingi, halafu ndo anataja upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole na kiasi. Ni kama kichala cha zabibu, huendi kwenye mashamba ya zabibu kule Mpunguzi ukakuta kichala kimezaa punje za kushoto tu.

Na lingine, watu wanadhani ukiokoka Jumapili basi Jumatatu umeshakuwa mpole. Waulize wakulima wa zabibu, mche mpya hauzai mwezi ujao, na ule mkubwa usipopogolewa unajaza majani tupu. Yesu mwenyewe kasema Yohana 15:2 tawi linalozaa husafishwa ili lizidi kuzaa, sasa kusafishwa kwenyewe ndo huyo konda aliyegoma kukurudishia chenji, ndo shemeji anayekuudhi kila Krismasi (wangu namjua). Wewe unaomba upole umejifungia chumbani peke yako, utaujuaje kama unao?