Mkataba wa Maputo mbele ya kadhi

Hapa Zanzibar, wanawake wanaokuja kuniuliza habari ya mali baada ya talaka, wengi wamekwisha sikia redioni kwamba Tanzania imeridhia mkataba wa Afrika wa haki za wanawake. Ni kweli. Ulipitishwa Maputo mwaka 2003, Tanzania ikauridhia 2007, na kifungu cha 7 kinataka ndoa ikivunjika mali iliyochumwa pamoja igawanywe kwa haki. Sasa mbona mtalaka anarudi kwao na mkeka na masufuria?

Mikataba ya nje ni mambo ya Muungano. Ndoa na talaka si ya Muungano. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya bara, haitumiki huku. Visiwani Muislamu huenda kwa kadhi, naye hahukumu kwa Maputo, huhukumu kwa sharia na kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi, bunge letu la Zanzibar. Hapo ndipo Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 ilipoleta nafuu: kadhi anaweza kusikiliza madai ya mgawanyo wa mali ya wanandoa, palipo na mchango halisi.

Mchango halisi ndio unaotutoa jasho. Mke analima mwani, pesa zinanunua saruji na mabati, lakini aliyekwenda dukani ni mume, na risiti ina jina lake. Ikifika siku ya kesi, bibi anabaki na maneno matupu. Kwa hiyo nawaambia: weka daftari la mnunuzi wa mwani, na fundi aliyelipwa kwa mkono wako umjue aliko, aje atoe ushahidi.

Na aliyekaa nyumbani akapika, akalea, akachota maji? Kifungu cha 13 cha Maputo kinazitaka serikali ziitambue thamani ya kiuchumi ya kazi hiyo. Sheria yetu haikuitaja waziwazi, na kwangu huo ndio upungufu wake mkubwa.

Ahadi za kanda zikitajwa, watu hukimbilia viti vya uongozi. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilitaka wanawake na wanaume wawe nusu kwa nusu ifikapo 2015. Katiba ya Zanzibar inatenga viti vya wanawake sawa na asilimia 40 ya majimbo. Vizuri. Basi hao waliomo Barazani waulizwe marekebisho ya sheria ya 2017 yatapelekwa lini. Kwa sasa, ukinunua mabati, mwambie muuza duka aandike majina mawili kwenye risiti.