"Si Imewaka, Fundi?": Dhana Potofu Kuhusu Kupandikiza Injini

Injini iliwaka kwa mara ya kwanza saa kumi jioni. Mwenye gari, ambaye alikuwa ameisubiri miaka minne, alirekodi kwa simu, akanikumbatia, kisha akaninyooshea mkono: "Fundi, si imewaka? Nipe ufunguo nikalizungushe kidogo." Gari lenyewe halikuwa na boneti. Lilikuwa linakunywa petroli kutoka kwenye dumu la lita 5 lililokaa sakafuni, na breki za nyuma zilikuwa bado ziko mezani.

Maneno hayo nimeyasikia mpaka yamenichosha. Leo nayajibu kwa maandishi, pamoja na dhana nyingine kuhusu kupandikiza injini, yaani kulivika gari injini ya gari jingine, ili atakayeuliza tena nimpe asome huku mimi nikiendelea na kazi.

Dhana: Injini ikishawaka, kazi kubwa imekwisha

Ili iwake, injini ya petroli inataka kompresheni, cheche na mafuta kwa wakati wake. Basi. Haiulizi kama rejeta inatosha, kama alteneta inachaji, wala kama gari litasimama. Na ikiunguruma dakika kumi pale pale ilipo, haijabeba mzigo wowote. Nimeona injini zilizoimba vizuri karakana nzima zikafa kilomita tatu kutoka getini. Kwa hesabu yangu siku ya kuwasha ni katikati ya kazi, na nusu ya pili ndiyo inayowashinda watu, kwa sababu haina cha kupiga picha.

Chukua eathi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Niliwahi kuletewa gari lililopandikizwa injini kwingine. Stata ilikuwa inazunguka kwa kujivuta, na mwenyewe alishanunua betri mbili mpya na stata moja. Niliweka ncha moja ya mita kwenye tamino ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, nikamwambia apige stata. Mita ikasoma volti 1.9. Kwenye njia safi ya eathi sitaki kuona zaidi ya 0.2. Injini hukaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo lazima uwepo waya mnene wa kuunganisha injini na bodi au betri. Huo haukurudishwa. Umeme wa stata ukawa unatafuta njia ya kurudi kupitia kebo ya akselereta, ambayo ganda lake la plastiki lilikuwa limeanza kuyeyuka. Waya mmoja na bolti mbili vilimaliza shida. Betri zote mbili alizozitupa kando zilikuwa nzima.

Kwenye mafuta ni hivyo hivyo. Gari lililozaliwa na kabureta lina pampu ya psi (kipimo cha presha) 4 hadi 7 hivi. Injini nyingi za nozeli, zile zinazonyunyiza mafuta kwa presha, zinataka kati ya psi 40 na 60. Watu wanakumbuka kubadilisha pampu, wanasahau mipira na klipu zilizotengenezwa kwa ile presha ndogo, halafu petroli inanyunyiza juu ya ekzosi ya moto. Tenki nalo: matenki mengi ya zamani hayana kuta za ndani za kuzuia mafuta kukimbilia upande mmoja. Kabureta haikujali, ina bakuli lake la akiba. Nozeli zikivuta hewa sekunde moja tu kwenye kona, injini inakata. Hilo hutaliona gari likiwa limesimama. Karakana haina kona.

Halafu kuna propela, shafti ndefu inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, ambayo sijui kwa nini hakuna anayetaka kuizungumzia. Ukibadilisha injini na giaboksi, pembe za krosi, vile viungo vinavyopinda kwenye ncha za propela, zinabadilika. Krosi iliyopinda huifanya propela iharakishe na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Krosi ya pili hufuta kosa la ile ya kwanza ikiwa tu pembe zao zinalingana. Mimi hulenga digrii 3 au pungufu, lakini si sifuri kabisa, maana vile virola vidogo vya ndani lazima vitembee kidogo, la sivyo vinachimba mahali pamoja. Ukikosea hapa gari litatetemeka kuanzia mwendo fulani, nawe utamaliza mwezi mzima ukibalansi matairi yasiyo na kosa lolote.

Joto linajieleza lenyewe ukilisikiliza. Gari likichemka kwenye foleni lakini likapoa barabara ikifunguka, angalia feni na kava lake. Likitulia kwenye foleni halafu likachemka kwenye mlima mrefu, shuku rejeta: ni ndogo, imeziba, au hewa inapita pembeni badala ya kupita ndani yake. Injini ya V8 ya lita 4.0 kama 1UZ-FE ya Toyota ilitoka kiwandani na rejeta yake. Ukiiweka mbele ya rejeta ya injini ya lita 1.6 usitegemee miujiza.

Sasa utaratibu wangu, na siubadilishi kwa ajili ya mtu. Kilomita 1, kisha 10, kisha 50, kisha 200. Kila mara gari linarudi, linapanda stendi, tunakagua. Kila bolti ya injini, giaboksi, propela na usukani ikishakazwa kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), naichora mstari wa rangi nyeupe unaotoka kichwani hadi kwenye chuma kilicho jirani. Mstari ukikatika, bolti imezunguka. Yule wa dumu la lita 5 alilalamika kuhusu ratiba hii mpaka siku ya kilomita 50, tulipoingia naye chini ya gari nikamwonyesha mistari miwili ya propela iliyokatika. Aliitazama muda mrefu, akauliza tukaze lini tena.

Dhana: Toa thamostati, haitachemka

Thamostati ni vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto. Isiyo mbovu huwa imefunguka kabisa kabla injini haijakaribia kuchemka; nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 90. Kuitoa hakuongezi ukubwa wa rejeta hata kidogo. Kinachotokea ni injini kukaa baridi muda mrefu, kompyuta ikaendelea kumimina mafuta kama ya asubuhi, na petroli isiyoungua ikaosha oili kwenye kuta za silinda. Ukiishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka na uangalie kama inafunguka. Nimewahi kupokea injini iliyotoboka gasketi ya silinda hedi, huku mwenyewe akiapa kwamba haiwezi kuwa joto kwa sababu "thamostati tulishaitupa".

Dhana: Breki zitafuata baadaye, kilichobadilika ni injini tu

Nishati ambayo breki zinatakiwa kuimeza hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 140 inakaribia kuwa maradufu, kwa gari lile lile na pedi zile zile. Ndiyo maana kwangu breki hukamilika kabla gari halijatoka getini. Na mimina mafuta mapya ya breki, hata kama ya zamani yanaonekana safi. DOT 4 (daraja mojawapo la mafuta ya breki) ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu kiwango hicho kinashuka hadi 155, na gari lililokaa miaka limenyonya vya kutosha. Yakichemka, pedali inazama.

Dhana: Nunua injini kwanza, waya na kompyuta vitapatikana

Havitapatikana. Au vitapatikana vya injini inayofanana kwa jina tu, plagi moja ikiwa na pini tofauti. Nunua injini na waya wake mzima usiokatwa, kompyuta, sensa zote, pedali kama ni ya umeme, na ufunguo wake. Ulaya ililazimisha magari mapya ya abiria yawe na imobilaiza (kifaa cha kuzuia wizi kinachokataa injini isiwake) tangu 1998, na injini nyingi za kuanzia kipindi hicho hazitawaka bila ufunguo unaotambuliwa, au bila mtu wa kuifungua hiyo kompyuta.

Dhana: Puti huzuia kutu

Puti, ule udongo wa kuziba mabonde ya bodi kabla ya rangi, hunyonya maji. Kata chuma kilichooza, chomelea kipya, piga epoksi, ndipo uje na puti nyembamba ya kunyoosha.

Dhana: Injini iliyofanyiwa ovahoo iachwe isailensi (iungurume taratibu bila kukanyagwa mafuta) masaa mengi "izoee"

Hii ndiyo njia ya haraka ya kuiharibu. Kwanza, kabla ya kuwasha, zungusha injini bila cheche wala mafuta mpaka geji ionyeshe presha ya oili. Kama ni ya kizamani, yenye kamshafti inayosugua tapeti bapa, ikiwaka tu ipandishe kati ya mizunguko 2000 na 2500 kwa dakika na uishikilie hapo dakika 20 hivi, kwa oili yenye zinki ya kutosha. Kamshafti hizo hutegemea oili inayorushwa na krankshafti, na kwenye sailensi hairushwi ya kutosha. Injini zenye tapeti za rola hazihitaji tambiko hilo.

Ringi za pistoni nazo hukaa sawa kwa mzigo. Ikishapata joto, ingia barabarani, kanyaga hadi nusu kwenye gia ya tatu, kisha achia mguu uiache gia ipunguze mwendo, rudia mara kumi. Rudi, zima, mwaga oili ile ya kwanza ukiipitisha kwenye kitambaa cheupe, na uangalie imeacha nini.