Mwanga kidogo si kipimo cha uangavu

"Kitu angavu hupitisha mwanga wote, nusu angavu hupitisha kidogo, kisicho angavu hakipitishi kabisa." Maneno haya nayakuta kwenye madaftari ya watoto, kwenye chati za ukutani na vinywani mwa walimu ninaowapa mafunzo. Sehemu mbili za kwanza si kweli, na ya katikati ndiyo inayowapotosha watoto zaidi.

Chukua miwani ya jua. Lenzi nyingi za giza hupitisha asilimia 8 hadi 18 tu ya mwanga, lakini aliyeivaa anaona uso wa mwenzake mpaka kope. Lenzi hizo ni angavu. Kioo cha ukungu cha dirisha la bafu huingiza mwanga mwingi kuliko lenzi hizo, ila aliye upande wa pili humtambui. Kwenye lenzi, miale inayopita hushika njia yake. Kwenye kioo cha ukungu hutawanyika kila upande, na taswira huvurugika.

Mtoto wa miaka sita hulielewa hili akiona kwa macho yake. Mpe karatasi iliyopakwa mafuta, ailaze juu ya maandishi makubwa: anasoma. Ainyanyue kidogo kidogo: herufi zinafifia, kisha zinapotea. Karatasi ni ileile, mwanga ni uleule. Walimu, nawasihi, anzeni na jaribio hili, istilahi zije baadaye. Na mtumie tochi, kamwe si jua. Miwani ya jua haimkingi mtoto anayelikodolea macho.

Wengine huamini kila kitu kina kundi lake la kudumu. Hapana, unene nao una kauli. Karatasi moja hupitisha mwanga wa tochi, rundo lake huuzuia. Maji ya glasi ni angavu, lakini baharini, kwenye kina kinachozidi mita 1,000, mwanga wa jua haufiki. Hata dhahabu, ikifuliwa ikawa nyembamba mno, hupitisha mwanga wa kijani.

Na wanaosema kioo hakina kivuli? Kinacho, hafifu, kwa sababu kioo safi cha dirisha hurudisha takriban asilimia 8 ya mwanga unaokipiga.

Na kioo chekundu hakipaki mwanga rangi. Huuchuja: mwanga mwekundu hupita, sehemu kubwa ya rangi nyingine hufyonzwa. Ndiyo maana jani bichi likitazamwa kupitia kioo hicho huonekana karibu jeusi.