Matabaka ya tufe la kidijitali: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mtu wa Nakuru akifungua Google Earth, kwanza hutafuta paa la kwao. Akishaliona, huamini na mengine yote yaliyo kwenye skrini. Lakini tufe lile limejengwa kwa matabaka: picha za setilaiti, umbo la ardhi, barabara, mipaka, majina. Kila tabaka lina chanzo chake, tarehe yake na kiwango chake cha usahihi.

Dhana: Unachokiona ni hali ya sasa.

Picha nyingi zinazoonyesha mapaa zina umri wa mwaka mmoja hadi mitatu. Tena ni vipande vilivyoungwa. Mtaa wa Section 58 hapa Nakuru waweza kuwa wa msimu mmoja na ule wa Lanet wa msimu mwingine. Tarehe ya picha huandikwa chini ya skrini. Kwenye Google Earth Pro ya kompyuta, bofya alama ya saa yenye mshale na kitelezi cha miaka kitatokea. Kijaribu kwenye Ziwa Nakuru: picha za kabla ya 2010 zina ufuo mpana mweupe wa magadi, na za miaka ya 2020 zinaonyesha maji yamemeza ufuo, migunga na lango kuu la zamani la mbuga.

Ukitaka hali ya wiki hii, nenda kwenye picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya ambazo hurudi mahali palepale kila baada ya siku 5 hivi, au matabaka ya kila siku ya NASA Worldview. Unapata picha mpya, ila undani unapungua: pikseli ya Sentinel-2 ni mita 10, ya MODIS, kihisi cha NASA kinacholisha matabaka hayo ya kila siku, ni mita 250. Utaona gugumaji likisukumwa na upepo kwenye Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Mtumbwi hutauona.

Dhana: Namba ya mwinuko inatosha kujua kama nyumba itafikiwa na mafuriko.

Hili ni kosa la hatari. Data za mwinuko zinazotumika sana duniani zilitokana na SRTM, kipimo cha rada kilichofanywa na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Kila nukta inawakilisha eneo la kama mita 30 kwa 30, na kosa la wima ni mita kadhaa. Isitoshe, rada haikugusa udongo kila mahali. Penye msitu mzito kama Kakamega ilirudishwa na matawi, hivyo ukingo wa msitu huonekana kama ngazi.

Sasa fikiria Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu. Karibu na Ahero, tofauti ya mita moja inaweza kuamua nani analala pakavu Mto Nyando ukifurika. Kosa la mita tano linaifuta tofauti hiyo kabisa. Vijilima unavyoviona pale vingi ni miti, mapaa na kelele za rada, yaani makosa ya kipimo. Usimwambie mtu ajenge au asijenge kwa kutegemea namba hiyo.

Kwa maumbo makubwa tabaka hili ni zuri sana. Chora njia inayokata kreta ya Menengai, bofya kulia kwenye jina lake, chagua mchoro wa mwinuko, na kuta zitajitokeza wazi. Kagua kwanza kizidishi cha mwinuko kiwe 1. Kikiwa 3, mteremko wa Riat, pale Kisumu, utakuwa genge.

Dhana: Pini ikipotea, tufe limekosea.

Mara nyingi kosa liko kwenye namba. Nakuru iko karibu na -0.30, 36.07 na Kisumu -0.09, 34.77. Namba ya kwanza ni latitudo, na alama ya kutoa inamaanisha kusini mwa ikweta. Ukisahau alama hiyo, pini ya Nakuru inaruka kama kilomita 67 hadi upande wa Ziwa Bogoria, na kosa utaliona mara moja. Ya Kisumu inasogea kilomita 20 tu, kwenye vilima vya Vihiga, na huenda usishtuke. Faili za KML, zinazohifadhi pini na njia zako, huandika longitudo kwanza; ukigeuza mpangilio, Kisumu inatua Algeria.

Wanaotumia UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita unaoigawa dunia katika kanda za digrii 6, wana mtego wao. Longitudo ya 36 mashariki hupita kati ya Njoro na mji wa Nakuru, kwa hiyo Njoro iko ukanda wa 36 na Nakuru ukanda wa 37. Jedwali lisilotaja ukanda litatupa baadhi ya pini mamia ya kilomita.

Dhana: Mstari kwenye skrini unathibitisha mpaka wa shamba.

Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15 hivi. GPS ya simu hukosea kama mita 5 hata penye anga wazi, yaani theluthi ya upana huo. Picha nayo huhama: weka pini kwenye pembe ya paa, badilisha miaka, utaona paa linaikimbia pini. Mpaka ni kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa.

Dhana: Bila bando halifanyi kazi.

Toleo la kompyuta huhifadhi picha ulizokwisha kuzitazama. Kabla ya kwenda uwandani, tumia Wi-Fi kulipitia eneo lote polepole, kwa ukaribu uleule utakaouhitaji, kwani picha za mbali hazileti za karibu. Pini na faili zako za KML hufunguka bila mtandao.