Risasi za mazoezi: usiangalie bei ya boksi peke yake

Ijumaa iliopita nimetoka tu msikitini, viatu hata sijavaa sawasawa, simu yalia. Ni mzee mmoja mteja wangu mwenye hoteli ndogo upande wa Casuarina. Salamu hazijaisha ashaanza: “Mwanangu, hizi risasi za mazoezi zanimaliza. Hebu niambie zilo rahisi kabisa ni zipi, na kuna jamaa hapa ana kopo la risasi za zamani za kijeshi ataka kuniachia kwa bei ya kutupa, wasemaje?” Nikamwambia mzee wangu, hili si jambo la simu, nipe siku mbili niliandike vizuri manake si wewe peke yako unaniuliza.

Kwa wasionijua, nimefanya kazi ghala la silaha miaka mingi, sa hivi nimestaafu niko hapa Malindi nafundisha wenye vibali kulenga na kutunza bastola zao. Siuzi risasi hata moja kwa hivo hakuna duka nalipigia debe hapa. Na naongea na mwenye cheti cha silaha tu. Kama huna, soma ujiburudishe lakini inboksi usije tafadhali.

Tuanze na hesabu yenyewe, ndo watu wengi wanapopotelea. Mtu anaangalia video za Marekani anaona jamaa amenunua risasi elfu moja kwa mkupuo na yeye anataka kufanya hivo hivo. Kwetu Kenya cheti chako kimeandikwa idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na idadi unayoruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja, ndivo Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inavosema. Yani wewe unabana shilingi na unabana idadi pia. Risasi iliogoma kulia ni pesa imekwenda na ni nafasi imekwenda, na ukiongeza mafuta ya gari mpaka renji, yani uwanja wa kulenga, mtu wa Malindi akishuka Mombasa peke yake ni kama kilomita 120 kwenda bila kurudi, utaona ile shilingi ishirini ulookoa kwa kila risasi saa zingine haikukuokolea kitu.

Haya, boksi. Wengi wenu mna bastola za 9mm kwa hivo nitaongea hiyo. Hakikisha limeandikwa 9x19, ama 9mm Luger, ama 9mm Parabellum, zote tatu ni kitu kimoja, aliitengeneza Georg Luger mwanzo wa karne ilopita na mpaka leo ndo yatumika. Sasa kuna 9mm Makarov, hiyo ni 9x18 na kichwa chake ni kinene kidogo, kama milimita 9.27 wakati ya kwetu ni 9.01, na kuna 9mm fupi ambayo wengine waiita .380. Zote zaweza kuwa na neno 9mm kwenye boksi na zote si zako. Nishaona mtu mzima, msomi, amesimama na boksi la fupi mkononi anafurahia bei.

Alafu utaona namba 115, 124, 147. Hizo ni greni, uzito wa kichwa cha risasi, sio nguvu ya baruti kama mnavodhani. 115 ni kama gramu saba na nusu, 124 ni gramu nane, 147 ni tisa na nusu. Ya 115 mara nyingi ndo ya bei ya chini kwa sababu madini yamepungua na viwanda vyaitengeneza kwa wingi. Mimi hata hivo namwambia mtu angalia zile za kujilinda unazobeba ni greni ngapi, na za mazoezi uchukue hizo hizo ama karibu yake, ili teke la bastola unalozoea mkononi liwe ndo lile lile. Ukibeba 124 ufanye mazoezi na 124, tofauti ya bei yake si kubwa. Za kujilinda zenye shimo puani hizo usizimalize kwa kutoboa karatasi ni ghali bure, lakini magazini moja ya hizo lazima uipige ujue bastola yako yazimeza, alafu zingine uweke. Za mazoezi chukua zile za pua duru zilizovishwa koti la shaba, boksini wanaandika FMJ, hizo ndo bastola nyingi zinazimeza bila maneno.

Sasa ganda, na hapa ndo pa kukaa kidogo. Ganda la brasi, ile shaba ya njano, likilipuka latanuka likajibana na ukuta wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kulia, alafu larudi, moshi hautoki nyuma. Ganda la chuma ni rahisi zaidi lakini halitanuki vizuri hivo, masizi yarudi chembani, ukipiga nyingi bila kusafisha yaanza kukwama. Halafu kuna risasi ambazo koti lake lenyewe ni chuma kilichopakwa shaba juu juu, na renji zingine hawazitaki hata kuziona kwa sababu zatoa cheche na zaharibu shabaha za chuma. Kujua ni rahisi, beba sumaku ndogo, ile ya friji yatosha, ukiiweka kwenye kichwa ikanata ushajua. Sisemi za chuma ni haramu, bastola nyingi nzima zazipiga tu, lakini hapa pwani ganda la chuma likishakwaruzwa rangi yake kidogo, mwezi mmoja kwa hewa ya kwetu lishashika kutu.

Na kuna mabaya kushinda kutu ya ganda. Risasi za kijeshi za zamani, mfano wa hizo za kopo la mzee, nyingi fataki yake, kile kidude cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti, ina dawa ambayo ikilipuka yaacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi kabisa, ya kuvuta maji hewani. Sa wewe mtu wa Malindi umekaa kati ya bahari na mashamba ya chumvi ya Gongoni, mabati ya nyumba yaoza, kitasa cha mlango chaoza, alafu wajiongezea chumvi nyingine ndani ya bastola na wenda kulala. Asubuhi mtutu ushakuwa mwekundu. Na mafuta peke yake hayaitoi, chumvi huyeyuka kwa maji, kwa hivo ni maji ya moto kwanza, ukaushe kabisa, ndo upake mafuta. Nani ana huo muda kila akitoka renji?

Za kujazwa upya ndo sizitaki kabisa. Kuna siku tuko renji, kijana mmoja ameletewa na rafikiye risasi za maganda ya zamani yaliojazwa tena nyumbani, bei nusu. Apiga pa, pa, pa, mara ikalia “tap” kama mtu amegonga meza. Slaidi, kile chuma cha juu ya bastola, haikurudi. Yeye akadhani imegoma tu, akaivuta slaidi kwa mkono ikaingia nyingine, kidole kishaenda kwa triga. Nikapiga ukelele simama! mpaka watu wa mwisho kule wakashtuka. Tukatoa magazini, tukatoa ya chembani, tukaifungua, nikauangalia mtutu kwa nyuma: giza. Kichwa cha ile ilolia tap kimekwama katikati, baruti haikutiwa ama ilitiwa kidogo. Angepiga ile ya pili nyuma yake, mtutu ungeweza kupasuka mkononi mwake. Tukakisukuma na ufito wa brasi kikatoka, kijana amekaa chini hasemi. Kwa hivo ukisikia mlio mdogo na teke hujaliona, acha, hata kama ni risasi ya kiwanda kizuri namna gani.

Jambo jingine dogo watu hawalijui. Kila jioni watoa risasi chembani, asubuhi wairudisha ile ile, mwezi mzima. Kila ikigongwa kuingia kichwa chake chazama kidogo ndani ya ganda, na kikizama presha yapanda. Isimamishe kando ya mpya ulinganishe. Ikiwa fupi usiipige, hata ya mazoezi, ipeleke kwa muuzaji wako aliesajiliwa akuelekeze.

Ukishajua aina yako, nunua boksi moja kwanza, hamsini zatosha kujua, zikikubali ndo urudi uchukue zingine na uangalie namba ya loti, yani ya mkupuo ziliotengenezwa pamoja kiwandani, iwe moja. Kuweka, usiweke kwa gari juani wala stoo yenye unyevu, weka kopo lenye mpira wa kubana hewa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli. Na usizipanguse na mafuta ya kulainisha, mafuta yaweza kuingia kwenye fataki yakaiua.

Lakini mazoezi ya rahisi kushinda yote ni ya bila risasi. Nunua risasi za bandia tano sita, toa za kweli zipeleke chumba kingine kabisa, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, lenga ukuta wa mawe usio na mtu nyuma, uvute triga taratibu bila ncha kutikisika. Dakika kumi usiku. Wanafunzi wangu wanaofanya hivi wakija renji wapiga hamsini tu na wanawashinda wa mia mbili.

Mzee nimempelekea haya kabla sijayaweka hapa. Jibu lake: “Nimeelewa mwanangu. Lakini lile kopo ni bei ya kutupa kweli.” Mzee wangu, yule jamaa ana leseni ya kuuza risasi? Cheti chako ameuliza? Basi hata akikupa bure usilishike.