Kidonge cha presha hakina sumu ya nyoka

Juzi nyumbani Uyole, Mbeya, nilimkuta mama mkubwa kavifunga vidonge vyake vya kaptoprili kwenye pindo la khanga, siku ya nne hajameza. Jirani kamwambia vina sumu ya nyoka.

Jirani hakutunga yote. Yuko nyoka wa Brazili, jararaka, ambaye sumu yake hushusha presha. Mwanasayansi wa huko, Sérgio Ferreira, aligundua ndani yake viini vinavyozuia kimeng'enya kinachosababisha mishipa ya damu ibane. Watafiti wa Marekani wakajifunza kutoka kwa viini hivyo, wakaunda maabarani kemikali yao inayofanya kazi hiyohiyo. Hiyo ndiyo kaptoprili, ikaidhinishwa kwao 1981. Nyoka alitoa ramani tu. Kidonge hakina hata tone la sumu.

Inayohitaji sumu halisi ni dawa ya aliyeumwa na nyoka: farasi huchomwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake itengeneze kinga, na kinga hiyo ndiyo anayopewa mgonjwa.

“Kwa hiyo sijameza nyoka?”

“Hujameza, mama.”

Akafungua pindo, akavihesabu. Asubuhi tukaenda zahanati, apimwe kwanza.